Mashine ya Mpunga ya Luchimbwe

Hakujapambazuka bado Sajenti Scola Makoye aliposikia mchi ukigonga kinu. Ulikuwa mlio mdogo, mzito kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa jirani na hataki nyumba nzima ijue. Alijifunga kanga, akatoka uani.

Bibi Hilaria, mwenyeji wake, alikuwa anatwanga mpunga karibu na jiko. Chini ya kinu alikuwa ametandika gunia lililokunjwa mara nne ili mgeni asiamke.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuamsha?"

"Hapana, nimeshalala vya kutosha. Lete na mimi mchi."

"Afande atwange?"

"Afande alizaliwa Magamba, bibi. Mama yangu alinipa mchi kabla ya daftari."

Bibi Hilaria akacheka, akampa mchi wa pili. Wakatwanga kwa kupokezana, mmoja akipandisha mwingine akishusha. Baada ya muda bibi akasimama kupuliza viganja vyake.

"Miaka ishirini na miwili sijatwanga mpunga," alisema. "Nilidhani mikono imesahau. Haijasahau, ila inalalamika. Tutafanyaje, na mashine haina matumbo?"

Alikaza kilemba chake, akakivuta mpaka karibu na nyusi, ingawa asubuhi haikuwa na baridi. Scola alikiona kile kitendo, akakiweka akilini.

Mashine iliyokosa matumbo ndiyo iliyomleta Luchimbwe kutoka Mpanda, jana yake, juu ya lori la mpunga. Ilikuwa mashine ya kukoboa, mali ya umma, iliyoletwa mwaka 1975 watu walipohamia kijiji kipya. Mwaka huu wa 1997 serikali ilikuwa imeiweka kwenye orodha ya mali za kubinafsishwa. Mnunuzi alikuwa amepatikana, na makabidhiano yalipangwa kufanyika leo saa tisa alasiri. Lakini siku ya Jumatatu mwenyekiti wa kijiji, Bwana Sylvanus, alipofungua banda ili lifanyiwe usafi, alikuta injini imebaki peke yake kama mtu aliyevuliwa nguo. Rola hakuna, kisu hakuna, wavu, mkanda na hendeli hakuna. Hata faneli ya dizeli na kopo la grisi havikuwepo. Mwenyekiti akamkamata mlinzi, mzee Apolinari, akamfungia kwenye stoo ya ofisi ya kijiji. Kama vifaa visingeonekana kabla gari la wilaya halijafika, gari hilo hilo lingemchukua mzee hadi Mpanda, mahakamani. Alikuwa na miaka sabini na moja.

Scola alianzia stoo.

Mgambo alipofungua mlango, jambo la kwanza aliloliona ni mabakuli. Yalikuwa matano, yamepangwa sakafuni karibu na dirisha dogo, yote yalikuwa na uji. Mzee Apolinari aliketi juu ya mkeka mpya, blanketi mbili zikiwa zimekunjwa pembeni.

"Shikamoo mzee. Huu uji wote nani kaleta?"

"Marahaba. Wanaleta tu, mama. Kila nyumba inafikiri nyingine imesahau." Akasogeza bakuli moja. "Kunywa, hili bado la moto."

Scola akanywa, kwa sababu alikuwa na njaa na kwa sababu mzee alisubiri anywe. Kisha akatoa daftari.

"Mzee, kufuli halikuvunjwa. Nimelitazama jana. Ufunguo unao nani?"

"Mimi."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Basi wewe ndiye uliyefungua."

"Nilifungua."

"Nani waliingia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wenye mashine."

"Wakaiba nini?"

Mzee akamtazama kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto njia. "Hakuna kilichoibwa, afande."

Alimuuliza mara tatu kwa njia tatu tofauti. Jibu likawa lile lile. Mwisho akamuuliza swali ambalo alikuwa ameamua kumuuliza kila shahidi wa kijiji kile.

"Afisa biashara alipokuja kuwaeleza habari ya ubinafsishaji, wewe ulielewa nini?"

"Nilielewa kwamba ufunguo huu," akagusa mfuko wa shati, "nitampa mtu ambaye sijawahi kumwona akikoboa hapa."

Scola akaandika hivyo hivyo.

Ofisini, Bwana Sylvanus alikuwa ameshika kalamu kabla hajasalimiwa. Nyuma yake ukutani palikuwa na waraka uliobandikwa kwa ugali. Scola akausoma wote. Ulisema kwamba ubinafsishaji ni kuhamisha umiliki au uendeshaji wa mali ya umma kwenda kwa mtu au kampuni binafsi, kwa kuuza, kwa kukodisha, au kwa kuingia ubia, ili kuongeza ufanisi na kuipunguzia serikali mzigo.

"Wewe uliwaelezaje watu huu waraka, mwenyekiti?"

"Niliwaambia ni maendeleo."

"Basi?"

"Na kwamba atakayeleta fujo nitambinafsisha yeye mwenyewe!" Akacheka, akaona Scola hacheki, akakohoa. "Afande, usipoteze muda na waraka. Mzee alimfungulia tu mlango; mwizi mwenyewe ninamjua. Ni yule Libérat, Mrundi wa kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba. Anazunguka na baiskeli ananunua vyuma chakavu. Jumamosi alilala hapa kijijini. Jumatatu vyuma havipo. Unataka nini tena?"

"Nataka kumwona."

"Yupo gulioni. Na bado ana ujasiri wa kuwepo!"

"Mwizi gani, mwenyekiti, anaiba rola ya kilo kadhaa halafu anakaa gulioni siku tatu akiziba pancha?"

Bwana Sylvanus akachomeka kalamu nyuma ya sikio.

"Jambo moja la mwisho. Naomba daftari la vizazi na vifo."

"La nini?"

"Nilione tu," alisema, akikifikiria kilemba cha Bibi Hilaria kilichovutwa mpaka nyusi.

Akalipata kwenye rafu. Scola hakulifungua papo hapo, akalitia kwenye mkoba na kwenda bandani.

Banda la mashine lilijengwa kwa tofali za kuchoma. Harufu yake ilimfikia kabla ya mlango. Ilikuwa dizeli, pumba na vumbi tamu la mchele. Harufu ile ilikuwa ya Magamba pia, siku zile akipanga foleni na mama yake. Foleni haikuwa na mabishano. Mwenye mgonjwa nyumbani alipitishwa mbele, na pumba za mjane zilibebwa na vijana wa watu wengine mpaka mlangoni kwake. Siku zile usingeweza kumpata mtu wa kuuliza mashine ni ya nani.

Akapiga magoti karibu na mashine. Jana alikuwa ametazama kilichokosekana, na leo alitazama kilichobaki. Nati zote zilikuwepo. Kila moja ilikuwa imerudishwa kwenye skrubu yake, ikakazwa kwa mkono, ikapakwa grisi. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Kwenye kona palikuwa na alama nne za miguu ya kigoda, na kigoda hakikuwepo. Kipande cha reli kilichokuwa kikigongwa kuita watu nacho hakikuwepo. Kamba yake ilikuwa imefunguliwa fundo kwa subira, haikukatwa.

Akaandika: *Mnunuzi wa vyuma chakavu hapaki grisi anachokiacha. Wala hachukui kigoda.*

Nyuma ya banda akakuta mafiga matatu makubwa na majivu mengi. Nyasi zilikuwa zimelala, watu walikuwa wameketi hapo kwa muda. Akachokoa majivu kwa kijiti. Pembeni, chini ya udongo uliofukiwa kidogo, akaona karatasi imekunjwa. Ndani yake kulikuwa na wembe. Na chini ya karatasi kulikuwa na nywele, shungi la nywele za watu wengi, nyeusi na nyeupe, zimechanganyika.

Scola akaukunja tena wembe ndani ya karatasi, akautia mkobani. Kisha akafungua daftari la vizazi na vifo, akalisoma kuanzia Januari. Kifo cha mwisho kilikuwa mwezi wa tatu, mtoto mchanga, Mungu amrehemu. Sasa ulikuwa mwezi wa saba.

Gulioni alimkuta Libérat ameinamia gurudumu. Alikuwa mwanamume mwembamba, mkimya, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo.

"Nimesikia natafutwa," alisema kabla hajaulizwa. "Afande, mimi ni mkimbizi. Nikitaka kuiba sitaanzia mahali kila mtu ananijua kwa jina."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Misa. Baada ya misa nikakaa hapa hapa. Mama mmoja akaja kuazima spana namba kumi na tisa."

"Na wewe ukampa?"

"Mama wa watu anaomba spana, nitamwambia hapana? Jioni akairudisha imeoshwa, na sahani ya wali juu yake. Wali na kuku. Tangu nitoke kwetu sijawahi kurudishiwa spana na kuku."

"Anaitwa nani?"

"Sijui. Hapa wote ni mama fulani."

"Alikuwaje?"

Libérat akafikiri. "Asubuhi alikuwa na nywele nyeupe. Jioni alikuwa amenyoa."

"Una hakika?"

"Nilimpa pole. Nilidhani amefiwa. Akaniambia asante."

"Na ubinafsishaji wewe unaujua ni nini?"

"Kitu cha wote kinapata bwana mmoja," alisema Libérat, akirudi kwenye gurudumu lake. "Labda atakitunza vizuri kuliko wote. Labda. Lakini wale wote inabidi wajifunze kubisha hodi."

Kutoka gulioni Scola akapita kisimani, akasimama pembeni kama mtu anayepumzika. Wanawake walikuwa kumi na saba. Mmoja alikuwa ameweka ndoo yake mbele ya ndoo ya mwenzake.

"We Angela, ndoo yangu ilikuwa hapo!"

"Hapo nimepabinafsisha, dada. Ukitaka kuchota, ongea na mwenye mali."

"Na mimi naibinafsisha hiyo kata yako, tuone utachotea nini!"

Wakacheka wote mpaka maji yakamwagika. Neno lile jipya, ambalo lilikuja na gari la wilaya, lilikuwa limeshafika kisimani na kupewa kazi. Angela alipoinama kuokota ndoo, kilemba chake kikateleza. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa kama yai. Hakuna aliyeshangaa. Scola akahesabu vilemba vilivyofungwa mpaka nyusi, akapata kumi na moja. Kijiji kilikuwa kimetoka matanga, na hakuna mtu aliyekufa.

Saa saba mchana akarudi kwa Bibi Hilaria. Bibi alikuwa amemwekea chakula kimefunikwa kwa sahani, na maji ya kunawa yamefunikwa kwa kipande cha kanga. Scola akanawa, akala kidogo kwanza, kwa heshima. Kisha akaiweka ile karatasi yenye wembe juu ya mkeka.

"Bibi, mlimfanyia nani matanga?"

Bibi Hilaria akautazama wembe. Hakushtuka. Akainua mikono, akafungua kilemba, akakiweka pajani. Kichwa chake kilikuwa kidogo bila nywele.

"Mwanangu, una macho ya mama mzazi," alisema. "Mtacheka huko Mpanda. Hata waume zetu walicheka. Wakasema, wanawake nyie mnalilia chuma. Halafu chakula kilipoiva wakaja kula."

"Sicheki, bibi. Nieleze."

"Yule afisa, Felisiani, ni kijana mzuri, alieleza vizuri. Usiandike kwamba hatukumwelewa. Alisema mali ya umma inatoka mikononi mwa umma, inauzwa, inakuwa ya mtu binafsi. Yeye ndiye atakayepanga bei, atakayeamua nani afanye kazi, na akitaka kuihamisha ni haki yake. Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, na sisi tuliobeba zile tofali? Mwaka ule nilikuwa na mimba ya Angela, nilibeba tofali nne nne. Akajibu kwa adabu, akasema, nyie mama mtakuwa wateja."

Akaondoa nzi kwenye sahani ya mgeni.

"Mteja ni mtu mzuri. Lakini mimi sikuwa mteja pale. Pale nilimpata mkunga, pale nilimsikia mwanangu amefaulu. Basi nikarudi nyumbani nikawaambia wenzangu, hii mashine kwetu imekufa. Na kwetu, aliyemuuguza marehemu haondoki mikono mitupu. Matanga yakianuliwa, watu wananyoa, kila aliyemtunza anapewa kitu kimoja. Kisu chake, kiti chake, jembe lake. Si kwa kutajirika. Ni ili mkono ukumbuke. Tukamwendea Apolinari, akafungua mlango, akavua kofia. Tukagawana."

"Kila mtu kimoja?"

"Kila nyumba iliyobeba tofali. Tisa."

"Na rola?"

"Mimi ndiye mkubwa." Bibi akaelekeza kidole chumbani. "Usiku wote umeilalia. Ipo uvunguni, nimeifunga kwenye kanga ya ubatizo wa Angela."

Scola akafumba macho kidogo. Alitaka kucheka, lakini akatoa orodha ya vifaa mkobani.

"Bibi, sikiliza. Sheria haijui matanga. Mpaka mnunuzi aweke sahihi, kile chuma ni mali ya umma, na orodha yake ninayo hapa. Kisipoonekana, kuna mtu atajibu."

"Basi nijibu mimi."

"Aliyefungua mlango ni Apolinari. Leo saa tisa anapakiwa kwenye gari kwenda mahakamani. Akikutwa na hatia, ni gereza."

Mkono wa bibi uliokuwa ukifukuza nzi ukasimama hewani.

"Gereza?" alisema. "Alituambia dirishani, afande wa Mpanda akija ataachiwa. Alisema tusihangaike, tusirudishe chochote. Alisema analala vizuri."

"Aliwaficha."

"Aliuguza mashine ile miaka ishirini na miwili," alisema Bibi Hilaria polepole, "halafu katika kugawana yeye hakuchukua kitu. Nilimwuliza. Alisema ana ufunguo, unamtosha."

Akashika ukuta, akasimama. "Saa ngapi sasa?"

"Saa saba na nusu."

Hakuuliza kingine. Alitoka bila kilemba, kichwa wazi juani, na alipofika mlango wa jirani Scola alimsikia akiita kwa sauti ambayo haikuwa ya bibi tena.

Walikuja mmoja mmoja. Walibeba vifaa kwenye nyungo, vimefunikwa, kama watu wanaopeleka chakula kwenye msiba. Wavu ulikuwa umesuguliwa kwa majivu mpaka unang'aa. Mkanda ulikuwa umekunjwa ndani ya pazia la dirisha. Angela alileta hendeli, aliyokuwa ameitundika juu ya kitanda cha mama mkwe. Mama mmoja alileta kisu cha mashine akilia, akakipangusa kwa kanga kabla ya kukitoa. Bibi Hilaria alikuja wa mwisho, yeye na Libérat, aliyempitia gulioni aje na spana, wakishika rola kila mmoja upande wake.

Mgambo alimfungulia Apolinari. Mzee alipoziona zile nyungo alisimama mlangoni.

"Nani kawaambia?"

"Wewe hukutuambia," Bibi Hilaria alimjibu, "na hilo tutalizungumza siku nyingine. Shika spana."

Apolinari na Libérat waliifunga mashine wakiwa kimya, na saa nane na robo ilikuwa nzima. Scola alipitia orodha kwa kalamu. Vifaa saba, vyote vipo. Kigoda na kipande cha reli havikuwemo kwenye orodha, basi akamwambia kila mwenye chake arudi nacho nyumbani. Bwana Sylvanus akafungua mdomo.

"Mwenyekiti," Scola alimwahi, "unataka kumshitaki mtu kwa kuiba kigoda ambacho serikali haikijui?"

Mwenyekiti akachomeka tena kalamu nyuma ya sikio.

Taarifa aliiandika palepale, juu ya gunia la pumba. Aliandika kwamba vifaa vilitolewa na wanakijiji kwa kufuata mila ya maziko, bila nia ya kujinufaisha, na kwamba vyote vimerudishwa vikiwa safi kuliko vilivyotoka. Akapendekeza jalada lifungwe. Bwana Sylvanus alisoma mara mbili, akatazama vile vichwa vilivyonyolewa vilivyosimama mlangoni, kimoja kikiwa cha mke wake, akatia sahihi.

Gari la wilaya lilifika saa tisa na dakika kumi. Felisiani alihesabu, mnunuzi akapapasa rola kwa kidole, akauliza ni nani aliyeitunza mashine hivi. Apolinari akatia hendeli, akazungusha, injini ikakohoa, ikashika. Mlio ule ukaenda juu ya mashamba, na wanawake wakasimama wakiusikiliza mpaka ulipozimwa. Karatasi zikasainiwa juu ya boneti ya gari. Mnunuzi alikuwa amekuja na mlinzi wake, kijana mwenye buti, na kufuli lake jipya. Apolinari akatoa ufunguo mfukoni, akautazama kidogo, akampa.

Scola alipewa nafasi ya nyuma kwenye gari. Kabla hajapanda, mzee Apolinari alimfuata akitembea taratibu, mikono yake haijui pa kwenda.

"Afande, sikukwambia ukweli wote kule stoo. Usinichukie."

"Uliniambia hakuna kilichoibwa, mzee. Huo ndio nilioandika."

Akatabasamu. Akashika ubao wa gari kama anayetaka kulizuia lisiondoke.

"Miaka yote hii sikuwa na nafasi ya kupokea wageni. Mchana nilikuwa nalala, usiku nipo lindoni. Kuanzia kesho nipo tu nyumbani. Njoo tena, mwanangu. Njoo hata kama hakuna kilichopotea."